Kalo ya Daktari wa Nyasi

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishtua. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ingawa wapo mjini wanaosema najigamba, na wengi wao wanalala kwenye nyumba zangu. Nimeona simba amelala chini ya lori langu akikimbia jua. Nimeona mtu akiuza ng'ombe mmoja mara mbili, soko moja, asubuhi moja, na wanunuzi wote wawili wakamwombea heri. Shule niliisoma mpaka darasa la tatu, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe. Nikawa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, nikawa dereva, na kabla sijaota mvi nilikuwa na lori langu, halafu mawili, na safu ya vyumba vya mabati mtaa wa Bulla Pesa ambako wapangaji huniamkia kabla sijafika mlangoni. Babu yangu aliletwa Isiolo na bunduki ya Mzungu begani, na vita vilipokwisha akaachiwa medali. Mimi sikuachiwa hata hiyo. Nilicho nacho nimekitoa barabarani, kati ya hapa na Moyale, kwa kula vumbi.

Ninayemwandika hapa alikuwa mpangaji wangu.

Alikuja katikati ya miaka ya sabini, kijana mwembamba kutoka upande wa magharibi, kule mvua inanyesha mpaka watu wanaichukia. Alikuwa na sanduku moja la nguo na masanduku manne ya vitabu na vichupa. Nilidhani ni dawa. Nikamuuliza amesomea nini.

"Nyasi," akasema.

"Nyasi gani?"

"Zote. Lakini hasa ile isiyokufa."

Nikamwambia nyasi haina haja ya kusomewa, inaota au haioti. Akacheka, kicheko cha mtu asiye na haraka, akasema hayo mawili tu ndiyo yaliyomweka chuo kikuu miaka yote hiyo, kwa nini inaota na kwa nini haioti, na bado hajamaliza. Mkononi alikuwa na kodi ya miezi mitatu, basi sikubishana naye zaidi.

Mji ulimpa jina la Daktari wa Nyasi. Watu walimletea mbuzi wagonjwa, na yeye akawaambia kwa adabu, "Mzee, mimi si daktari wa mbuzi. Mimi ni daktari wa chakula chake." Waliondoka wakisikitika kwamba serikali inalipa mtu mshahara kwa kazi ya aina hiyo.

Maziwa alikuwa akinunua kwa msichana mmoja wa Kiborana aliyekaa kwa shangazi yake hapa mjini. Baba yake alikuwa mfugaji wa Korbesa, mtu wa ng'ombe wengi wakati huo. Sisi wa mtaani tuliona Daktari amekuwa mnywaji mkubwa wa maziwa. Asubuhi ananunua, jioni ananunua tena. Nikamwambia, "Bwana, tumbo lako litaanza kulia kama ndama. Nenda ukampose." Akaenda. Alisilimu, akatoa mahari yaliyotakiwa bila kubishania hata mtamba mmoja, na yule msichana akahamia chumba changu cha pembeni, kile chenye baraza.

Nimeona wanaume wengi na wake zao, na mimi mwenyewe nina wawili, lakini sijaona mwanamume aliyeshikamana na nyumba yake kama huyo. Walizaa mabinti wanne. Kila mtoto alipozaliwa alimpima kwa mizani aliyotumia kupimia nyasi, akamlaza kwenye kitambaa cheupe, akasoma uzito kwa sauti kama anatangaza habari redioni. Siku za Ijumaa asubuhi alikaa barazani, binti mmoja kati ya magoti yake, akimsuka nywele. Barabara ile walipita wanaume wakienda hotelini, na maneno hayakukosa.

"Daktari, umemaliza nyasi za porini sasa umehamia za kichwani?"

"Hizi zinaota bila mvua," akajibu bila kuinua macho. "Ningejua siri yake ningekuwa waziri."

Kazi yake ilikuwa hivi, na naieleza kama alivyonieleza mimi, maana kwa wengine alitumia maneno marefu. Kila kiangazi nyasi hufa, lakini si yote. Hapa na pale hubaki shina moja lenye ukaidi. Yeye alikuwa akilitafuta shina hilo, akichukua mbegu yake, akaipanda, akangoja kiangazi kingine kiiue, na iliyobaki akaipanda tena. Mwaka baada ya mwaka. Mwisho wake alitaka nyasi ambayo ukame ukiitazama inasimama tu, apate magunia ya mbegu, ayagawe kwa kila boma kuanzia Gotu mpaka Merti na kwingineko.

Kwa hiyo alihitaji kipande cha ardhi kule Gotu, kando ya mto Ewaso Ng'iro, na alihitaji kukifunga mifugo isiingie. Hapo ndipo mimi nilipoingia, kwa sababu aliyebeba vigingi na mabunda ya seng'enge kwenda Gotu ni lori langu.

Wazee walitungoja pale. Walisalimia vizuri, salaam aleikum, habari za mji, wakatupa chai. Halafu mmoja wao akaenda nyuma ya lori, akainua turubai kwa fimbo yake, akaona seng'enge. Akarudi akakaa.

"Waya tunaujua," akasema. "Waya ulitumaliza. Rudi nao."

Asiyejua atashangaa, lakini mimi nilijua. Miaka ya vita vya shifta, ile ya sitini, watu wa huko walikusanywa na jeshi wakafungiwa ndani ya seng'enge pamoja na wanyama wao, na wanyama wakafa wamesimama, wakitazama nyasi iliyokuwa upande wa pili. Hakuna boma lisilokuwa na hadithi hiyo. Daktari hakuijua, kwao walikuwa wanakula mahindi. Alianza kueleza kwamba ua huu ni wa faida, ua huu ni wao wenyewe, na kila aliposema neno ua niliona wazee wanazidi kuwa wapole, na Mborana akizidi kuwa mpole jua amekwisha kukataa.

Tukarudi na mzigo. Nililipwa kwenda na kurudi.

Mkewe ndiye aliyempa dawa. Aliniambia mwenyewe baadaye, akinicheka kwamba sisi wanaume wawili tulikwenda mpaka Gotu na lori zima bila neno moja la maana. Alimwuliza mumewe, "Kwa nini unawaambia ua? Kwa nini usiseme kalo?"

Kalo ni neno la Kiborana. Ni malisho yanayozungushiwa miiba karibu na maboma, wanyama wakubwa wasiingie, yakatunzwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Hakuna Mborana anayeiogopa kalo. Amekua akiiona, mama yake amekata nyasi humo.

Daktari akarudi Gotu bila waya. Mimi nilimpeleka, nilikuwa na safari ya Merti hata hivyo. Akakaa chini na wazee, akanywa chai yote, halafu akasema amekuja kuomba mahali pa kalo. Yule mzee wa fimbo akamuuliza.

"Wewe unajua kalo ni nini?"

"Najua. Ni malisho yaliyofungwa kwa miiba. Ya ndama na wanyonge."

"Na hufunguliwa lini?"

"Wakati wa shida."

"Umesema wewe," mzee akasema, na wenzake wakarudia, mmoja mmoja, umesema wewe. Nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu nikila tende, nikafikiri, mtu huyu ana akili kuliko nilivyodhani. Kwa neno moja amepata ekari ambazo serikali ingezipata kwa polisi.

Miiba ikakatwa, ua ukazungushwa, na kwa miaka ile yote hakuna mbuzi hata mmoja aliyeivuka. Ningeweka waya wangu pale wangeuiba siku ya pili.

Ilikuwa miaka mizuri, nadhani. Jumamosi aliwachukua mabinti wale wakubwa kwenye gari la ofisi, kila mmoja alikuwa na mistari yake ndani ya kalo, na wakirudi mjini walikuwa wakigombana nani nyasi yake imesimama na nani yake imelala. Binti mkubwa aliongea habari za nyasi kama dalali wa ng'ombe. Aliwahi kunisimamisha njiani akaniambia, "Mzee, ile nyasi unayofunikia mzigo wako ni mbaya, haina nguvu." Nikamwambia mzigo wangu hauli. Mkewe alikaa nyumbani akishona, na ukipita mlangoni jioni uliwasikia wote wanasoma, baba akisoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza na mama akiwatafsiria wadogo kwa Kiborana. Mimi sikuwahi kusomewa na mtu. Nilikuwa nasimama kidogo pale nje nikijifanya natazama mabati kama yanavuja.

Halafu ikaja themanini na nne.

Mwanzoni mwa mwaka wakubwa wa ofisi yake walikuja na magari. Walisema miaka imepita, wameona mistari na mistari, sasa wanataka magunia. Apande shamba zima la mbegu, avune ya kugawa wilaya nzima, la sivyo kazi ifungwe na yeye arudishwe mji mkuu kukaa mezani. Akachukua mbegu yake yote, kila kichupa, akaipanda kwenye kalo. Nilimuuliza kama amebakiza akiba. Akasema shamba likitaka kuota vizuri halitaki ubahili. Mvua ya kwanza ikanyesha, fupi, ikaotesha. Baada ya hapo mbingu ikafungwa.

Mimi nilipita Gotu mara nyingi mwaka ule, na nasema nilichokiona. Nchi yote ilikuwa nyekundu. Miti ilikuwa vijiti. Na katikati yake, ndani ya miiba, kulikuwa na nyasi, kijani iliyofifia lakini kijani, imefika magotini, imetoa vichwa. Alikuwa ameshinda. Hakuna asiyeliona hilo, hata mbuzi waliliona, walisimama nje ya miiba wakiangalia. Kilichobaki ni mbegu kukomaa. Alinionyesha namna ya kupima. Unachukua punje moja, unaibana kwa kucha. Ikitoa maji meupe, bado ni maziwa, ukivuna utavuna takataka. Ikiwa unga, imekomaa, vuna. Kila asubuhi alibana, au binti mkubwa alibana kwa niaba yake, akainua kidole chenye tone jeupe.

"Bado maziwa, baba."

Na nje ya miiba ndama walianza kuletwa.

Kwanza walikuwa wa Gotu wenyewe, wachache. Wazee walikuja kwa heshima, yule wa fimbo mbele. Hawakudai. Walisema tu kwamba shida imefika.

Daktari akawaambia ukweli. "Nipeni mpaka punje ikauke. Mkinipa muda huo, mwakani kila boma litakuwa na kalo yake, na nyasi hii hii, na haitakufa."

"Mwakani tumesikia," mzee akasema. "Ndama huyu unamwona?"

"Namwona."

"Mwambie yeye habari za mwakani."

Hakuna aliyecheka. Daktari akaomba wiki chache, akaahidi kuwalisha. Na alijua atawalisha na nini. Kule Timau, juu, kwenye mashamba ya ngano, mabua yanabaki baada ya mavuno na wenyewe wanayachoma moto. Akanikodi kuyaleta. Ng'ombe mama wapate mabua, watoe maziwa kidogo, ndama wanyonye, wavute siku mpaka mbegu ikomae. Safari ya kwanza alinilipa kwa mshahara wake. Ya pili aliuza redio na cherehani ya mkewe. Ya tatu sijui aliuza nini, lakini vitabu vilipungua. Sikumpunguzia bei, lori haliendi kwa huruma, na yeye mwenyewe hakuomba nimpunguzie.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo jambo linaloniuma kulieleza, kwamba ilifanya kazi. Mabua yalipofika, ng'ombe walikula, ndama wakanyonya, wazee wakarudi nyuma hatua moja. Ungefikiri atafika.

Kilichommaliza ni lile neno. Visimani watu hawana gazeti, wana midomo tu, na mdomo ukisema Gotu kuna mtu amepanda nyasi, msikilizaji anauliza ya nani, na jambo linaishia hapo. Lakini midomo ilisema Gotu kuna kalo. Kalo haina ya nani. Wakati wa shida kalo ni ya kila ndama anayeweza kutembea. Basi walitoka Merti, walitoka Garba Tulla, walitoka pande ambazo sijawahi kupeleka lori, wakiswaga kilichobaki, na kila aliyefika alikaa chini kwa upole karibu na miiba kama mtu aliyefika kwenye miadi yake. Hakuna aliyemtukana Daktari. Hakuna aliyevunja ua. Usiku mmoja tu wangeweza kuumaliza, miiba ni kitu gani, lakini kalo hufunguliwa na aliyeifunga, na wao walikuwa wakimngoja aliyeifunga. Mabua ya safari ya tatu yaliisha kabla sijafika mjini.

Ofisini kwake hakukuwa na pesa. Nilimkuta hotelini kwa chai, hajachana nywele, ameweka mbele yake kikombe ambacho hakukigusa. Wenzangu wafanyabiashara walikuwa meza ya pili wakimcheka, si kwa ubaya.

"Daktari, fungua ukalale."

"Imebaki kidogo," akasema. "Asubuhi hii ilikuwa nzito. Maziwa mazito. Kidogo tu iwe unga."

Sijui ni nini kilinipata. Pengine ni kule kucheka kwao. Nikasimama nikasema mimi nitaleta mabua, lori mbili kwa pamoja, kwa mfuko wangu, na mbegu itakomaa, na atakayepita Gotu mwaka ujao atasema nyasi hii ni ya fulani, akitaja jina langu. Nilitaka jambo hilo liwe na jina langu. Sioni aibu kulisema. Mtu aliyeanza kwa kulala juu ya mizigo ya watu ana haki ya kutaka jina lake likae juu ya kitu.

Nikapanda Timau na lori zote mbili. Nikapakia mpaka vijana wakasema mzee litapinduka. Kushuka pale Subuiga springi ya lori la nyuma ikavunjika, tukalala njiani, nikafunga kipande cha gogo kwa mnyororo, tukaendelea polepole. Nilifika Gotu asubuhi ya pili nikipiga honi kutoka mbali, ili waone nani anakuja.

Hawakugeuka.

Baba mkwe wa Daktari alikuwa amefika. Alikuwa ametoka Korbesa kwa miguu kando ya mto na ndama wake waliobaki, na ng'ombe wakubwa wote walikuwa wamefia njiani, mmoja huku mwingine kule. Alikuwa amesimama mbele ya kipito cha kalo, mahali panapozibwa kwa matawi, ameegemea mkuki wake, anatazama chini. Hakuwa anaomba. Mtu na baba mkwe wake huko hawabishani, hata kutazamana sana si adabu, na mzee alikuwa akimheshimu mkwe wake kwa kutomtazama. Nyuma yake ndama walikuwa wamelala, ngozi imeshika mifupa. Mkewe Daktari alikuwa amekuja na mabinti, amembeba mdogo mgongoni, na amesimama katikati, si upande wa baba wala wa mume.

Niliruka chini nikasema, "Nimeleta. Mbili. Zimejaa. Shusheni."

Vijana wakashusha. Mzee akanyanyua bua moja, akalivunja mkononi, likalia kama kijiti. Akaliweka mbele ya mdomo wa ndama aliyekuwa karibu. Ndama alilinusa, akalaza kichwa.

"Hawezi," Daktari akaniambia. Alisema polepole, kama mimi ndiye ninayehitaji kubembelezwa. "Hawa hawana mama wa kuwanyonyesha tena. Tumbo la ndama aliyedhoofika namna hii haliwezi bua kavu, litamuua. Anataka kibichi."

"Basi wafe hao wachache," nikasema kwa Kiswahili cha haraka, mzee asishike. "Wengine watakula. Umesema imebaki kidogo."

Binti mkubwa alikuwa ameingia ndani ya kalo bila kutumwa, akatoka na punje. Akaibana mbele yetu. Haikutoka maji. Ilitoka kitu kizito, kama uji, si maziwa, si unga. Alimwonyesha baba yake kidole.

Mkewe akasema, "Ukifungua, usiseme umefungua kwa sababu ya baba yangu."

"Si kwa sababu yake," akasema. "Neno nililisema mimi."

Akaenda kwenye kipito, akashika matawi kwa mikono mitupu, akaanza kuyavuta. Miiba ilimchana na hakuacha. Baba mkwe hakumsaidia, hairuhusiwi, ni aliyefunga afungue. Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Mimi niliyeona simba na wezi na vita sijawahi kuona mtu akifungulia mlango maisha yake yote yatoke, na hakuna aliyemshika shingo.

Ndama waliingia. Walioweza kutembea walitembea, wengine walibebwa. Ni meno yao tu yaliyosikika. Punda na mbuzi wa Gotu walimaliza mabua yangu kabla ya alasiri.

Kalo ilikwisha kwa siku chache. Halafu mbuzi wakachimba mizizi. Ndama wa mzee walikufa wote kabla mwezi haujaisha, na wengi wa wale wengine pia, walikufa na nyasi tumboni. Mvua iliporudi ilirudi kwa hasira, ikakuta udongo uko uchi, ikaubeba mpaka mtoni. Wakubwa wa ofisi walikuja wakatazama mahali pale, wakauliza kwa nini hakuna ua wa waya. Kazi ikafungwa.

Hakukubali kuhamia mezani. Alinunua baiskeli, akawa anakwenda Gotu mwenyewe, anatembea kwa magoti akitafuta shina moja lililobaki. Moja tu, aliniambia, likipatikana moja nitaanza tena. Nilimkuta huko mara kadhaa nikampakia na baiskeli yake. Hakupata. Kifua kilimwanza, au ini, hospitali walisema hiki na kile. Alikonda. Ijumaa bado alisuka nywele za mabinti, lakini mistari ilikwenda upande, na hakuna mwanamume aliyemtania tena alipopita, jambo ambalo nadhani lilimuumiza zaidi. Alikufa mwaka wa themanini na sita, mchana, mkewe akimpepea kwa kawa ya chungu. Tulimzika alasiri ile ile.

Baba mkwe alikuja matanga yakiwa yamekwisha. Alikaa barazani pangu bila kunywa chai, halafu akaniambia, "Mkwe wangu alikuwa Mborana." Akachukua binti yake na wajukuu, wakaenda Korbesa, kwenye ng'ombe wawili alioanza nao upya. Yule binti mkubwa, aliyekuwa akinifundisha nyasi njiani, niliambiwa aliolewa mapema. Sijui kama anasoma. Chumba chenye baraza nilimpangishia karani wa soko, na analipa vizuri.

Watu hotelini huniuliza hata leo nilipata nini kwa ule ujinga wangu wa Timau, na mimi huwajibu kwamba mtu kama mimi hasikii uchungu wa pesa, zinaondoka na kurudi. Jina langu haliko juu ya kitu chochote kule Gotu. Pale pana vumbi tu. Lakini mabua ya lori mbili, dizeli ya kupanda na kushuka, mishahara ya vijana, na springi mpya ya kule Subuiga, vyote kwa pamoja, vilinigharimu shilingi elfu saba mia sita na arobaini.